AFYA NA NYUMBA: Msuli wa Mguu Ukazapo Njiani

Ndugu wasomaji, ziko taabu ambazo mtu akizisimulia mbele ya wenziwe huchekwa, ilhali yule aliyepatwa nazo hataki hata kuzikumbuka. Mojawapo ni hii ya msuli wa mguu kukaza. Mtu yuko juu ya baiskeli yake, amekwisha kwenda mwendo wa saa tatu, mzigo uko nyuma na jua limepanda. Mara shavu la mguu hujikusanya likawa gumu kama jiwe, mguu haukunjuki, na maumivu yake humtoa mtu mzima machozi. Kwa aliyeketi barazani kwake hilo ni jambo la dakika mbili tatu, kisha hupita. Lakini kwa aliye barabarani, na lori linamjia nyuma, dakika hizo mbili zaweza kumtenga na watoto wake.

Wala asidhani msomaji kuwa twazungumza juu ya washindani wa michezo peke yao. Katika nchi zetu baiskeli ni chombo cha kutafutia riziki. Wako wanaume watokao pande za Kisarawe na Mkuranga usiku wa manane, na magunia ya makaa nyuma yao, wapate kufika Dar es Salaam asubuhi. Wako wale wa Burundi wateremshao mikungu ya ndizi kutoka milimani mpaka Bujumbura, kisha hulazimika kuupanda mlima ule ule wakirudi. Na hata hiyo bodaboda ambayo leo kila mtu huijua kuwa ni pikipiki, asili ya jina lake ni baiskeli zilizokuwa zikichukua abiria mpakani Busia, baina ya Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960. Watu hawa wana wake, wazee na watoto wanaowangojea jioni. Kwa hiyo neno hili si la mpanda baiskeli peke yake, bali ni la nyumba nzima, na wengi wa walio nyumbani wanaweza kulisaidia kuliko wadhanivyo.

Ni nini hasa kinachokaza?

Msuli ni nyama ifanyayo kazi kwa kujikunja na kulegea, na amri ya kufanya hivyo huletewa na mishipa ya fahamu itokayo katika uti wa mgongo. Ndani ya msuli vimo viungo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupeleka khabari kila msuli unapovutwa, na jawabu irudiyo ni kuuambia ujikunje. Na pale msuli unapoungana na kano vimo viungo vingine, navyo hupeleka khabari kuwa mvuto umezidi, na jawabu irudiyo ni kuuambia ulegee. Hivi vya pili vilielezwa katika karne ya 19 na tabibu wa Kiitalia, Camillo Golgi, ambaye mwaka 1906 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya mishipa ya fahamu. Mtu akiwa na nguvu zake, amri hizi mbili hupimana kama vitanga viwili vya mizani. Msuli ukichoka kupita kiasi, mizani hulala upande mmoja: amri ya kukunja huzidi, na ile ya kulegeza hufifia. Hapo msuli hujikunja wenyewe bila ya ruhusa ya mwenyewe, wala hausikii akiuambia uache.

Jambo hili aghlabu huupata msuli upitao juu ya viungo viwili, kama ule wa shavu la mguu, ambao hupita nyuma ya goti ukashuka hata kisigino. Tena huupata upesi zaidi ikiwa msuli huo unafanya kazi hali umefupishwa, yaani haukupewa nafasi ya kunyooka. Tafadhali msomaji uliweke jambo hili akilini, kwani tutalirudia.

Je, ni chumvi au ni uchovu?

Kwa miaka mingi watu waliamini kuwa sababu ni moja tu, nayo ni upungufu wa maji na chumvi mwilini. Imani hiyo ilikuwa na msingi wake. Mwaka 1923 mtaalamu wa Uingereza, K. Neville Moss, aliandika khabari za wachimba makaa ya mawe waliofanya kazi katika joto kali chini ya ardhi. Watu wale walitoka jasho jingi mno, wakanywa maji matupu kwa wingi, kisha misuli ikawakaza; na ilionekana kuwa kutia chumvi kidogo katika maji yao huwafaa. Tangu hapo kila aliyekazwa na msuli akaambiwa ale chumvi.

Lakini hebu tufikiri. Damu huzunguka mwili mzima. Lau upungufu wa chumvi ungekuwa ndio sababu pekee, ungeyapata mapaja, mikono, tumbo na shingo kwa pamoja. Mbona mpanda baiskeli hukazwa mguu ule ule ulio kazini, na mikono yake i salama? Tena mtu akinyosha mguu ule, huo hulegea papo hapo, ilhali kunyosha hakukumtia mwilini hata chembe moja ya chumvi.

Haya ndiyo yaliyowafanya wataalamu wa Afrika Kusini, akiwamo Martin Schwellnus, kuleta mwaka 1997 fikira ya kuwa asili ya taabu hii ni uchovu wa msuli na kuharibika kwa zile amri tulizozitaja. Mwaka 2011 walieleza uchunguzi wao juu ya washindani 210 wa mashindano yaitwayo Ironman, ambamo mtu huogelea, kisha hupanda baiskeli kilomita 180, kisha hukimbia kilomita 42, yote siku moja. Waliokazwa na misuli hawakuonekana kuwa wamepungukiwa na maji au chumvi kuliko wenzao. Kilichowatenga na wenzao ni mambo mawili: walikwenda kwa kasi zaidi, ingawa matayarisho yao yalikuwa sawa na ya wale wengine; na wengi wao walikwisha kupatwa na taabu hiyo siku za nyuma.

Hatusemi kuwa maji na chumvi havina kazi. Mtu aliyetoka jasho kutwa nzima katika joto la pwani anahitaji vyote viwili, na kama vimempungukia sana, misuli yake huchoka upesi zaidi. Twasema tu kuwa yule atiaye chumvi mfukoni, kisha akaudai mguu wake kazi ambayo haukuizoea, hajajikinga na lolote. Kinga ya kwanza ni kuuzoeza mguu, kuutengenezea baiskeli ifaayo, na kuupa mwendo unaouweza. Mengine hufuata baadaye.

Mazoea huja polepole

Chukua mfano wa kijana aliyemaliza shule, akapata baiskeli, akaamua kuingia katika biashara ya makaa. Jirani yake huchukua magunia mawili kila safari, naye siku ya kwanza hutaka mawili. Kwa nini apungukiwe naye ni kijana mwenye nguvu? Lakini jirani huyo miguu yake imeifanya kazi ile kwa miaka, na misuli yake imejengeka kidogo kidogo. Yule kijana hata akifika mjini, atarudi hajiwezi, na usiku ule nyumba nzima itaamshwa na kelele zake.

Njia njema ni kuanza na mzigo mwepesi na safari fupi. Mwili ukishazoea, azidishe kimoja: ama masafa, ama mzigo, asizidishe vyote viwili katika juma moja. Apate siku za kupumzika, kwani msuli hujijenga wakati wa mapumziko. Na aliyetoka katika malaria au maradhi mengine, au aliyekaa mwezi mzima bila ya kupanda baiskeli, asidhani kuwa nguvu zake zimemngojea pale alipoziacha. Na ajirudishe chini, kisha apande tena hatua kwa hatua.

Hapa wazee wa nyumba wana sehemu yao. Mara nyingi kijana hujilazimisha kwa sababu amesikia mtu akisema, “Fulani huenda mara mbili kwa siku.” Neno kama hilo likitoka kinywani mwa baba au mama lina uzito kuliko gunia. Safari moja arudiyo mtu mzima ni bora kuliko mbili zimlazazo siku tatu.

Kiti cha baiskeli

Ukisimama kando ya barabara yo yote ukatazama wapandao baiskeli, utaona kuwa wengi wameweka viti chini mno. Sababu yao yajulikana: mtu mwenye mzigo mzito hutaka miguu yake ifike chini upesi akisimama. Lakini kiti kikiwa chini, goti halinyooki hata mara moja katika mzunguko mzima. Misuli hufanya kazi saa baada ya saa hali imekunjwa. Na tumekwisha sema kuwa msuli uliofupishwa ndio ukazao upesi. Tena hupoteza nguvu, na magoti nayo hudhurika.

Kipimo chake ni rahisi. Mtu na akae juu ya kiti, mwenziwe akimshikia baiskeli, kisha aweke kisigino chake juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu wake wapasa kunyooka sawasawa, bila ya nyonga kuinamia upande mmoja. Hapo akisogeza mguu hata pedeli ikawa chini ya lile pande la unyayo lililo nyuma ya vidole, goti litakunjika kidogo tu, na hivyo ndivyo itakiwavyo. Kama kiti kilikuwa chini sana, asikipandishe chote kwa siku moja. Akipandishe kidogo kidogo kwa muda wa majuma, misuli na kano zipate kuzoea. Na mwenye mzigo mkubwa asiyeweza kabisa kukalia kiti kirefu hivyo, hata akikipandisha nusu ya kipimo amejifaa.

Kisha autazame mguu wenyewe. Wako wapandao kwa kukanyaga na ncha za vidole, kisigino kimeinuka juu wakati wote. Hao huyafupisha mashavu ya miguu yao kutwa nzima, nayo huwalipa kwa kukaza. Kisigino na kishuke kila pedeli ifikapo chini.

Baiskeli nayo ihudumiwe. Tairi zisizo na upepo wa kutosha, mnyororo uliokauka mafuta, breki igusayo gurudumu na goroli zilizokwisha, vyote hivyo ni mzigo usioonekana, nao hubebwa na miguu. Nusu saa kwa fundi kabla ya safari ndefu humpunguzia mtu kazi nyingi njiani, na gharama yake ni ndogo.

Mwendo

Wengi hukazwa katika theluthi ya mwisho ya safari, wakauliza, “Mbona mwanzoni nilikwenda vizuri?” Jawabu ni kuwa mwanzoni walikwenda vizuri kupita kiasi. Saa ya kwanza ya safari ndefu yapasa kuwa nyepesi hata mtu aweze kuzungumza na mwenziwe bila ya kuhema. Baiskeli nyingi za mizigo hazina gia; kwa hiyo kilima kikiwa kikali, hakuna hila ila kushuka na kusukuma. Wala hapana aibu. Aliyesukuma juu ya kilima huwa ameigeuzia misuli yake namna ya kazi, akaifungua, na akaokoa nguvu za kumfikisha.

Kila baada ya saa moja asimame dakika chache. Katika dakika hizo asiketi tu. Bali atembee kidogo, asukume mti kwa mikono huku mguu mmoja uko nyuma na kisigino kimekanyaga chini, hata asikie shavu la mguu likivutika. Akae hivyo kiasi cha nusu dakika, kisha abadili mguu.

Chakula na maji

Msuli uchomao nguvu ulizowekewa huchoka mapema ukiwa na njaa. Aondokaye alfajiri na chai ya rangi peke yake ameanza safari na tangi tupu. Na ale usiku uliotangulia chakula cha kutosha, kama wali, ugali, muhogo au ndizi za kupika. Na asubuhi apate uji, mkate au viazi vitamu. Njiani achukue tende au ndizi mbivu, ale kidogo kidogo. Ndizi tunaisifu kwa kuwa ni chakula chema na chepesi kuchukulika; lakini ile khabari ya kuwa ndizi moja humtibu mtu aliyekazwa na msuli haina nguvu, kwani hupita muda mrefu kabla vilivyomo ndani yake kufika katika damu, na kwa kiasi kidogo tu.

Ama maji, mtu afanyaye kazi nzito juani huweza kutoka jasho la lita moja kwa saa, wengine zaidi, wengine kasoro. Anywe kila asikiapo kiu, mafunda machache kila mara, kuliko kungoja akaukiwe kisha anywe kibuyu kizima. Wala asijilazimishe kunywa maji matupu kupita kiu yake, kwani huko nako kuna hatari: chumvi ya damu huzimuliwa, na mtu huumwa kichwa, hutapika, hata akili humpotea. Wakimbiaji 488 waliopimwa katika mbio za Boston za mwaka 2002 walionekana na hali hiyo kiasi cha 13 kwa kila 100, na wengi katika hao walikuwa wamekunywa kupita kiasi.

Kwa safari izidiyo saa mbili au tatu katika joto, yafaa sehemu ya maji iwe na chumvi na sukari kidogo. Kipimo ni kile kile tukijuacho kwa mtoto aharaye: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vijiko vya kufutwa, si vya kulundikwa. Chumvi isizidishwe kwa kudhani kuwa nyingi ni bora. Na mwenye presha au maradhi ya figo asianze kunywa maji ya chumvi kabla hajamwuliza daktari wake.

Twajua wasomaji wetu watauliza juu ya Ramadhani. Mwenye saumu hana maji njiani. Basi awezaye na apange kazi nzito iwe baada ya futari au alfajiri mapema, mzigo aupunguze, na baina ya futari na daku anywe mara nyingi kidogo kidogo, asiache yote mpaka dakika za mwisho. Na yule ambaye kazi yake ni ya kuvunja mgongo na haina budi, na awaulize masheikh wake juu ya ruhusa zilizomo katika dini kabla ya kuihatarisha nafsi yake, wala asione haya kuuliza.

Jioni na usiku

Mara nyingi msuli haukazi njiani, bali hungoja mtu afike nyumbani. Akiketi katika tahiyatu na mguu wa kushoto umelala chini yake, unyayo umenyooka nyuma, shavu la mguu hufupika, na likiwa limechoka hukaza papo hapo. Kadhalika usiku, mtu alalapo na shuka nzito imeyabana miguu vidole vikaelekea chini. Dawa ya kinga ni kuinyosha miguu kabla ya kusimama katika sala, na tena kabla ya kulala. Mwaka 2012 katika Uholanzi watu 80 waliozidi umri wa miaka 55 walichunguzwa, na wale walionyosha mashavu ya miguu na nyuma ya mapaja kila usiku kwa majuma sita walipungukiwa na taabu hiyo. Kazi yake ni dakika tatu tu, wala haina gharama.

Msuli ukikaza barabarani

Msuli aghlabu hutoa ishara kwanza: huanza kuchezacheza na kupwita chini ya ngozi. Huo ndio wakati wa kupunguza mwendo. Asiyeusikia huo atausikia wa pili.

Ukikaza kweli, aache mara moja kukanyaga kwa mguu ule. Aushushe mpaka pedeli iwe chini, anyoshe goti na ashushe kisigino, huku anafunga breki taratibu na kuiacha barabara. Ashuke kwa upande wa mguu mzima. Kisha aketi chini, anyoshe goti, ashike vidole vya mguu au apitishe kanga au shuka chini ya unyayo, avivute vidole kumwelekea yeye, polepole bila ya kushtua, wala asiachilie mpaka maumivu yaishe. Ikiwa ni mbele ya paja, asimame ashike mti na akunje goti, kisigino kiguse tako. Ikiwa ni nyuma ya paja, anyoshe mguu mbele na ainamie. Baadaye asugue taratibu, anywe, atembee, na safari iliyobaki aende polepole. Msuli usipigwe kwa ngumi wala usichanjwe kwa wembe. Kuchanja hakuulegezi, na wembe mchafu huleta maradhi makubwa kuliko yaliyokuwapo.

Khabari za dawa

Yako majumbani mwetu mabaki ya vidonge vya kwinini, na wako waambianao kuwa hutibu misuli. Ni kweli kuwa zamani madaktari wa Ulaya na Marekani waliitoa kwa kazi hiyo. Lakini ilionekana kuwa kwinini huweza kuharibu mapigo ya moyo, na kuangamiza chembe za damu zizuiazo kutokwa damu. Na mwaka 2006 serikali ya Marekani ilionya juu ya kuitumia kwa misuli. Basi isitumiwe. Vidonge vya magnesi navyo huuzwa kwa bei kubwa, lakini uchunguzi uliokusanywa pamoja mwaka 2020 haukuona faida ya maana kwa wazee wakazwao na misuli usiku.

Liko jambo moja la ajabu. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani waliikaza misuli ya watu kwa umeme, kisha wakawanywesha ama maji ya achari ya matango, ama maji matupu. Waliokunywa ya achari walipona mapema zaidi kwa kadiri ya sekunde 49. Muda huo ni mfupi mno kwa chumvi kufika katika damu. Kwa hiyo ilidhaniwa kuwa ule ukali wa siki kooni ndio uliopeleka khabari kwa mishipa ya fahamu, nayo ikaunyamazisha msuli. Funda moja halidhuru, lakini halishindi kunyosha mguu.

Dalili zisizo za msuli tu

Yako maumivu ya mguu yafananayo na haya na siyo. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto, na shavu lake likauma siku nzima bila ya kuacha, huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi baada ya kazi nzito, ni dalili kuwa misuli imeumia na figo zimo hatarini. Huyo naye asingoje kesho. Mzee, mwenye kisukari au mvuta sigara aumwaye shavu la mguu kila atembeapo masafa yale yale, kisha hupona akisimama, aenda kwa daktari atazamwe mishipa ya damu. Na anywaye dawa za kuongeza mkojo au za kupunguza mafuta ya damu, misuli ikimkaza mara kwa mara, amwambie daktari wake, asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe. Ama aliyekuwa juani akaanza kusema maneno yasiyo na maana, huyo si wa kunyoshwa mguu. Huyo ni wa kutiwa kivulini, kumwagiwa maji na kukimbizwa kwa madaktari.

Ndugu wasomaji, mguu si mtumwa asiyechoka. Katika nyumba yenye mpanda baiskeli, leo jioni kabla ya taa kuzimwa, mtu mmoja na amshikie baiskeli na mwingine apime kiti; mama na atenge chupa mbili za maji kwa safari ya kesho, moja yenye chumvi na sukari na moja tupu; na mwenyewe anyoshe miguu yake kabla ya kulala. Kesho na apunguze gunia moja kama miguu haijazoea. Mwenyezi Mungu awahifadhi wote walio njiani, na awarejeshe salama kwa watu wao. Wabillahi tawfiq.